Sildenafil, tadalafil, pampu, sindano au dawa ya asili: kwa tatizo lako uchague ipi?

Wanaume wakianza kuongelea nguvu za kiume swali huwa ni lile lile, ipi kali. Kali kuliko zote ni ipi, ipi inasimamisha mpaka asubuhi, ipi hata mzee wa miaka 80 anarudi ujana. Swali hilo ndo linalofanya watu wanameza vitu hovyo, manake ukali sio kipimo kabisa kwenye hizi dawa. Sildenafil na tadalafil ukiziweka pamoja kwa nguvu zinakaribiana sana, tofauti yake iko kwenye muda, kwenye chakula, kwenye maudhi na kwenye dawa nyingine ulizonazo kabatini. Na kuna watu wanalinganisha vidonge siku nzima wakati shida yao haihitaji kidonge hata kimoja.

Kwahiyo kabla hatujafika kwenye vidonge tutenganishe kwanza, coz neno "nguvu za kiume" limebeba magonjwa kama manne tofauti.

Kuna ambaye hamu anayo lakini uume hausimami, au unasimama legelege, au unasimama vizuri halafu unalala katikati ya shughuli. Kuna ambaye unasimama imara kabisa ila anamaliza ndani ya dakika moja. Kuna ambaye hamu yenyewe imekata, hata mke akipita uchi mbele yake yeye anaona sawa tu. Na kuna ambaye anasimama, anaenda, anaenda, ila kufika hafiki. Hawa wanne ukiwapa kidonge kimoja cha sildenafil atafaidika yule wa kwanza, wa pili labda kidogo, wa tatu na wa nne watapata kichwa kuuma tu. Maana sildenafil haileti hamu, hilo watu hawalijui, unameza halafu unakaa unaangalia mpira unasubiri miujiza, hamna kitu kitatokea. Inataka uwe umesisimka, kushikana, kubusiana, ndo damu iende.

Tatizo liko mwilini au kichwani?

Jiulize swali moja la bure: asubuhi ukiamka uume unasimama? Mwanaume mzima akilala uume unasimama mara 3 mpaka 5 kwa usiku bila yeye kujua, na ule wa alfajiri ndo wa mwisho kwenye mstari. Kama asubuhi unasimama vizuri, au ukiwa peke yako unasimama vizuri, halafu ukiwa na mwenza unagoma, basi mishipa na neva zako zinafanya kazi na shida kubwa iko kwenye hofu, msongo, ugomvi wa ndani ya nyumba, sonona, au ile aibu ya siku moja uliyofeli ukaanza kuogopa kufeli tena. Shida ya namna hii huwa inakuja ghafla, mtu anaweza akakutajia na mwezi wenyewe. Ila kama ilianza taratibu, mwaka juzi ulikuwa legelege kidogo, mwaka jana zaidi, na asubuhi nako kumekuwa kimya, hapo fikiria mwili: kisukari, presha, mafuta kwenye mishipa, sigara, kitambi, pombe ya kila siku, homoni, upasuaji wa tezi dume, au dawa unazotumia.

Zamani kuna watafiti, ilikuwa 1980, waliwavalisha wanaume stempu za posta zilizounganishwa kuzunguka uume wakati wa kulala, asubuhi zikikutwa zimechanika maana yake ulisimama usiku. Inachekesha lakini wazo lake lilikuwa sahihi. Siku hizi kuna vifaa vya kupima usiku, ila daktari mara nyingi hata havihitaji, maswali mazuri yanatosha.

Kwa wengi hayo mawili yanachanganyika. Kisukari kinaanza kuharibu kidogo, mtu anafeli mara moja, hofu inaingia, na hofu yenyewe inamwaga adrenalini ambayo inabana mishipa ya uume, kwahiyo hata ile nguvu iliyokuwa imebaki inapotea. Ndo maana usishangae daktari akikupa kidonge na ushauri nasaha kwa pamoja, hajachanganyikiwa.

Hili la mishipa naomba nilikazie. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo ni kama milimita 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuganda mwilini yanaziba kwanza ile myembamba. Yaani uume kugoma kwa mwanaume wa miaka 45 anayevuta sigara inaweza kuwa taarifa ya moyo inayokuja miaka 2 mpaka 5 kabla ya moyo wenyewe kupiga kelele. Mtu huyu akienda kununua kidonge kimya kimya, kikafanya kazi, akafurahi, amenyamazisha kengele na moto bado unawaka.

Vipimo vyenyewe sio vya kutisha. Daktari atakuuliza lini ilianza, dawa gani unatumia, pombe kiasi gani, mahusiano yakoje. Kuna dodoso fupi la maswali 5 lenye alama 5 mpaka 25, ukipata 21 kushuka chini tatizo lipo, na jinsi alama zinavyoshuka ndivyo lilivyo kubwa. Atapima presha, kiuno, ataangalia korodani na uume kama umepinda au una uvimbe mgumu ndani. Damu: sukari, mafuta, na testosteroni ya asubuhi, kati ya saa moja na saa tano, coz mchana inashuka na unaweza kuambiwa unayo kidogo wakati unayo ya kutosha. Ikionekana ndogo inarudiwa siku nyingine kabla ya kuamua chochote. Kipimo cha mawimbi ya sauti kuangalia damu inavyopita kwenye uume kipo, ila ni cha wachache, mfano kijana aliyeumia nyonga kwenye ajali au mtu anayejiandaa na upasuaji.

Ukitoka kwa daktari bila kupimwa sukari wala presha na umepewa karatasi ya dawa tu, tafuta mwingine.

Sildenafil na tadalafil

Sasa tuje kwenye ulinganisho ambao wengi ndo mnautaka. Sildenafil ni ya kwanza, ilianza kutafitiwa Uingereza kwa ajili ya maumivu ya kifua ya ugonjwa wa moyo, ikaonekana inafanya kazi nyingine kabisa, Marekani ikairuhusu Machi 1998 kwa jina la Viagra. Tadalafil, yaani Cialis, Marekani iliruhusiwa 2003. Zote mbili zinafanya kitu kimoja: zinazuia kimeng'enya kinachovunja ile kemikali inayolegeza mishipa ya uume, damu inaingia na inakaa.

Muda ndo tofauti kubwa. Sildenafil unameza kama saa moja kabla, inashika ndani ya dakika 30 mpaka 60 na nguvu yake inakaa kama saa 4 au 5. Tadalafil inapanda polepole kidogo, ipe saa moja mpaka mbili, lakini inaweza kukusaidia mpaka saa 36. Saa 36 haimaanishi uume umesimama siku na nusu jamani! Inamaanisha ndani ya muda huo ukisisimka utasimama, usiposisimka umelala kama kawaida.

Chakula nacho. Hapa ndo watu wanapoangukia na sildenafil. Jamaa kala saa mbili usiku sahani imejaa vya kukaanga, saa tatu kameza cha miligramu 50, saa tatu na nusu kaangalia hamna kitu, kaongeza kingine, saa nne bado, kakasirika kalala, afu saa sita usiku vyote viwili vinapanda kwa pamoja, uso umewaka moto, pua imeziba, kichwa kinagonga, na mke yuko usingizini. Mafuta yanachelewesha sildenafil kuingia kwenye damu na yanapunguza nguvu yake. Ukiitumia hiyo, kula kidogo au kaa saa mbili tatu baada ya mlo mzito, na kwa siku ni dozi moja, haiongezwi kwa hasira. Tadalafil haijali chakula, kula shiba haina neno.

Maudhi madogo madogo yanafanana: kichwa kuuma, uso kuwa mwekundu au kuhisi joto, pua kuziba, kiungulia. Ila kila moja ina lake. Sildenafil inaweza kukufanya uone vitu vina rangi ya bluu kwa muda kwa sababu inagusa kidogo kimeng'enya cha kwenye jicho. Tadalafil ina maumivu ya mgongo na misuli ya mapaja, na hayaji hapo hapo, yanakuja saa 12 mpaka 24 baadaye, mtu anadhani amelala vibaya. Yanaisha yenyewe ndani ya siku mbili. Na kwa kuwa tadalafil inakaa sana mwilini, ukipata maudhi nayo yanakaa.

Dozi: sildenafil kuna 25, 50 na 100, wengi wanaanzia 50. Tadalafil ya kutumia siku ya shughuli ni 10 au 20. Halafu kuna tadalafil ya kila siku, miligramu 2.5 au 5, unameza kila siku muda ule ule iwe kuna shughuli au hakuna, na baada ya kama siku 5 inakuwa imetulia kwenye damu. Hii ya kila siku mimi naiona haisifiwi inavyostahili. Kwa mtu aliyeoa, anayeshiriki mara mbili tatu kwa wiki, inaondoa kabisa ule mchezo wa kuangalia saa na kuficha kidonge mfukoni, na kama ana shida ya tezi dume kuvimba, anaamka usiku mara nne kukojoa, ile ile 5 ya kila siku inatibu na hilo. Kwa mtu anayeshiriki mara moja kwa mwezi, kumeza kila siku ni kujitesa, sildenafil inamtosha.

Kwahiyo ukiniuliza mimi: shughuli zako zinajulikana muda na ni chache, chukua sildenafil. Hujui itatokea lini, au wikiendi mko pamoja, tadalafil 10 au 20. Mara kwa mara, au una tezi dume, tadalafil 5 ya kila siku. Una wasiwasi wa maudhi na unataka kujaribu kwanza, sildenafil, inatoka mwilini haraka. Zipo pia vardenafil, ambayo inafanana sana na sildenafil, na avanafil ya 2012 ambayo inaweza kuanza kufanya kazi ndani ya dakika 15 kwa baadhi ya watu, sifa yake kubwa ni hiyo tu.

Nani asiguse kabisa

Ukitumia dawa za moyo aina ya naitreti, ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, au vidonge vya isosobaidi, hizi dawa zote ni marufuku. Sio "uwe mwangalifu", ni marufuku. Zikikutana presha inaanguka ghafla na unaweza kufa kitandani. Ukishameza sildenafil naitreti isikuguse kwa saa 24, tadalafil saa 48, na kama umepelekwa hospitali na maumivu ya kifua sema ukweli umemeza nini na saa ngapi, aibu weka pembeni. Vile vichupa vya kunusa vya kwenye starehe ni naitraiti, ndugu zao, navyo ni hivyo hivyo.

Dawa za tezi dume za kundi la tamsulosini na doksazosini zinaweza kushusha presha zikichanganywa, daktari huanza na dozi ndogo. Ritonavir kwenye matibabu ya VVU na ketokonazole ya fangasi zinaifanya sildenafil ijae kwenye damu kupita kiasi, dozi inashushwa sana. Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni asubiri. Na tendo lenyewe ni mazoezi, kama kupanda ngazi ghorofa mbili kunakuacha unahema na kifua kinabana, anza na moyo.

Uume ukisimama zaidi ya saa 4 na hautaki kulala, hospitali, usiku huo huo. Wenye selimundu wako kwenye hatari zaidi ya hili. Kuona kukipotea ghafla jicho moja, au kusikia kukipotea, acha dawa na uende.

Kidonge kimegoma, sasa?

Kabla hujasema kimegoma, hakikisha umekijaribu mara 6 mpaka 8 siku tofauti, kwa dozi ambayo daktari ameipandisha inavyotakiwa, tumbo likiwa sio zito kwa sildenafil, pombe isiwe nyingi, na kukiwa na msisimko wa kweli. Wengi wanajaribu mara moja wakiwa wamelewa, wanatangaza dawa feki. Wakati mwingine ni feki kweli lakini, hizi dawa zinaongoza kwa kughushiwa, nunua famasi inayoeleweka sio kwenye begi la mtu.

Ila kuna watu kidonge hakitawasaidia hata kikiwa halisi. Kidonge kinategemea neva zitoe naitriki oksaidi kwanza, ndo kiikuze ile ishara. (Ugunduzi wa kazi ya hiyo gesi kwenye mishipa ulipewa tuzo ya Nobel 1998, mwaka ule ule sildenafil ilipoingia sokoni.) Kama neva zilikatwa kwenye upasuaji wa saratani ya tezi dume, au kisukari cha miaka mingi kimezimaliza, hakuna ishara ya kukuza. Hapo ndo pampu na sindano zinaingia.

Pampu ni silinda ya plastiki. Unapaka jeli kwenye kingo, unaingiza uume, unavuta hewa nje kwa mkono au betri kwa dakika chache, damu inavutwa inaingia, ukishasimama unasukuma pete ya mpira kutoka kwenye silinda mpaka shina la uume, unatoa silinda, na pete haikai zaidi ya dakika 30. Faida yake ni kwamba hakuna dawa inayoingia mwilini kwahiyo hata mtu wa naitreti anaweza, na kifaa kimoja kinatumika miaka. Kasoro zake nazitaja bila kuficha: uume unakuwa wa baridi kidogo na rangi inaelekea bluu, pale chini ya pete haujasimama kwahiyo unayumba kama bawaba, na mbegu zinaweza kushindwa kutoka kwa sababu pete imebana. Mwenza lazima awe anajua na amekubali, hakuna namna ya kuificha pampu. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda ongea na daktari kwanza, na chagua yenye kizuizi cha mvuto wa hewa usijeumia.

Sindano inaonekana inatisha lakini ndo inayofanya kazi kuliko kidonge na pampu. Dawa yake inaitwa alprostadili, sindano yenyewe ni nyembamba kama ya insulini, unachoma ubavuni mwa uume, sio juu zilipo neva na sio chini ulipo mrija wa mkojo, leo kulia kesho kutwa kushoto. Ndani ya dakika 5 mpaka 20 umesimama, na inakaa kama saa moja. Haihitaji neva, haihitaji hata msisimko. Dozi ya kwanza unachomwa kliniki ili daktari aone kiasi gani kinakutosha, na kwa wiki isizidi mara 3, kila moja ipishane saa 24. Hatari zake ni uume kukataa kulala, ambayo hapa inatokea zaidi kuliko kwa vidonge, na makovu ndani ukichoma sehemu moja kila mara.

Hii ya sindano ina historia ya ajabu. Mwaka 1983 Giles Brindley, mtaalamu wa Uingereza, alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa mfumo wa mkojo Las Vegas, alikuwa amejichoma dawa kabla ya kuja, na katikati ya mhadhara akashusha suruali ili wenzake waone sio mawazo, ni dawa. Ukumbi mzima na wake za madaktari ndani. Lakini baada ya siku ile hakuna aliyeweza kusema tena kwamba shida hii yote iko kichwani.

Kati ya pampu na sindano: mwenye mikono inayotetemeka au macho mabovu, au anayeogopa sindano kweli kweli, pampu. Anayetaka ugumu unaofanana na wa asili na anaweza kujifunza kuchoma, sindano. Kuna na kidonge kidogo cha alprostadili cha kuingiza kwenye tundu la mkojo, ni dhaifu kuliko sindano na kinawasha.

Vikishindikana vyote kuna kipandikizi. Mirija miwili ndani ya uume, pampu ndogo kwenye mfuko wa korodani, tangi la maji tumboni chini. Unabonyeza hiyo pampu uume unajaa, ukimaliza unaachia unalala. Kipo tangu 1973, kilianzia Houston. Waliowekewa wengi wanaridhika nacho, hisia na kufika kileleni vinabaki kama vilivyokuwa. Ila hakuna kurudi nyuma, ile nyama ya kusimama yenyewe inaondoka na kuna uwezekano mdogo wa maambukizi yatakayolazimisha kitolewe. Kinafaa kwa aliyemaliza njia zote, sio kwa kijana wa miaka 25 mwenye hofu.

Testosteroni

Imekuwa fasheni, kila mwanaume aliyechoka anataka achomwe homoni. Kama vipimo viwili vya asubuhi vinaonyesha iko chini, kiwango kinachotumika sana ni 300 nanogramu kwa desilita, na dalili unazo, hamu imekufa, uchovu, basi kuongezewa kunasaidia, hasa upande wa hamu. Kama iko kawaida, kuongeza ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyojaa. Na hili vijana walisikie: testosteroni ya kutoka nje inazima kiwanda cha mbegu. Unayetafuta mtoto ukichomwa hiyo unaweza kukuta mbegu zimeshuka mpaka sifuri, na kurudi huchukua miezi. Pia damu inaweza kuwa nzito, kwahiyo unafuatiliwa na vipimo, huchomwi tu ukaondoka.

Mazoezi na ushauri kwa upande mmoja, dawa za asili kwa upande mwingine

Hapa watu wanachagua vibaya kuliko sehemu nyingine yoyote. Ushauri nasaha na kubadili maisha vinaonekana ni maneno, dawa ya asili inaonekana ndo tiba. Ushahidi uko kinyume. Wanaume wanene waliopunguza uzito na kuanza kujishughulisha, katika utafiti wa Italia uliotoka 2004, karibu theluthi moja walirudi kawaida ndani ya miaka 2 bila dawa ya kusimamisha. Mazoezi ya kukutoa jasho dakika 40, mara 4 kwa wiki, kwa miezi 6, yanasaidia wenye shida za mishipa. Mazoezi ya misuli ya chini ya nyonga, ile unayokaza ukitaka kukatisha mkojo, nayo yana matokeo. Kwa mwenye hofu kuna mazoezi ya kugusana ambayo mnakubaliana wiki kadhaa hakuna kuingiliana kabisa, mnashikana tu, mtihani unaondolewa mezani na mwili unarudi wenyewe. Inachosha kusikia, najua, lakini kwa kijana mwenye asubuhi nzuri hii ndo namba moja, kidonge kinakuja kama fimbo ya kutembelea kwa muda.

Na usiache dawa ya presha kienyeji kwa sababu umesikia inaua nguvu. Ni kweli baadhi ya dawa za kutoa maji na vizuia beta vya zamani vinahusishwa na shida hii, pia dawa nyingi za sonona. Mwambie daktari abadilishe, zipo nyingine zisizosumbua sana. Presha isiyotibiwa inaharibu uume kuliko dawa yake.

Dawa za asili sizipingi zote kwa mpigo, jinseng kwa mfano ina ushahidi kidogo, dhaifu lakini upo. Yohimbini ilitumika zamani, inapandisha presha na mapigo ya moyo na kuongeza wasiwasi, siishauri. Shida kubwa ni zile chupa na pakiti zisizosema kilichomo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imekuta mara nyingi sana bidhaa zinazouzwa kama za mitishamba asilia zimechanganywa sildenafil au tadalafil kimya kimya. Kipimo changu ni rahisi: mzizi ukikusimamisha ndani ya saa moja, uso ukawaka na pua ikaziba, huo sio mzizi, umekunywa sildenafil ya dozi usiyoijua. Sasa fikiria babu mwenye dawa ya chini ya ulimi anainywa akiamini ni majani tu. Kati ya hiyo na kidonge cha famasi chenye jina na miligramu zake, sioni cha kulinganisha.

Na ile hadithi kwamba punyeto imelegeza mishipa inahitaji dawa ya kukaza, hakuna ushahidi kwamba punyeto inaua mishipa ya uume. Kuzoea mkono mgumu sana na picha za ngono kunaweza kufanya mwili usiitikie mwenza, hilo linarekebishika kwa kupunguza, sio kwa kunywa chupa. Mafuta ya kukuza saizi pitia mbali.

Kama shida yako ni kuwahi

Kuna krimu ya ganzi ya lidokaini, unapaka dakika 10 mpaka 20 kabla, unafuta au unavaa kondomu ili usimpe ganzi na mwenza. Ni ya haraka lakini utamu unapungua. Kuna dapoksetini, inamezwa saa 1 mpaka 3 kabla, siku ya shughuli tu. Kuna paroksetini, dawa ya sonona, ya kila siku, inachelewesha zaidi lakini inataka wiki moja mbili ianze kazi, inaweza kukata hamu, na huiachi ghafla. Na kuna mbinu ya kusitisha na kuanza tena, ipo tangu 1956, unakaribia kufika unatulia, hisia zikishuka unaendelea, haina maudhi ila inataka subira na mwenza anayeelewa. Tramadoli, ile dawa ya maumivu makali, ambayo watu wanapeana kimya kimya inachelewesha kweli na inakufanya mteja wake wa kudumu, achana nayo.

Wenye yote mawili, kusimama na kuwahi, waanze kutibu kusimama. Wengi wao wanawahi kwa sababu wanakimbizana na uume kabla haujalala, ukishakaa imara ile haraka hupungua, wakati mwingine bila hata kugusa dawa ya kuchelewesha.